Tabutany Ameshakula

Saa saba na dakika kumi mchana, simu ya Chelimo ilitetemeka juu ya kaunta, ikamwarifu kwamba chakula chake kimeshaliwa.

Hakuwa amekula. Alikuwa amesimama tangu asubuhi katika agrovet ya Mzee Nderitu, mjini Nakuru, akiuza dawa ya kupe na mbegu za viazi. Chakula chake kilikuwa ndani ya mkoba chini ya kaunta, katika kontena la plastiki lenye kifuniko cha kijani: kipande kimoja cha ugali na sukuma wiki ya kuchemsha. Alikuwa amekipima mwenyewe kwa kikombe kabla ya kutoka nyumbani, kama app ilivyomwagiza.

Ujumbe ulisema: *Tabutany ameshakula. Hongera!* Chini yake kulikuwa na picha ya kontena lake lenyewe, kifuniko cha kijani kikiwa kando, na ndani hakuna hata chembe.

Chelimo aliinama akavuta mkoba. Kontena lilikuwa limefungwa vizuri, lakini lilikuwa jepesi. Alipolifungua aliliona safi, lina unyevunyevu, jinsi sahani inavyobaki ikirambwa na mbwa.

"Waithera," alimwita mwenzake wa kazi, aliyekuwa akipanga mifuko ya chakula cha kuku mlangoni. "Umenikulia lunch?"

"Mimi? Sukuma bila mafuta? Kwani mimi ni mbuzi wako? Nilikula chapati na maharagwe saa sita, na sijutii."

"Na nani ameshika simu yangu?"

"Si hiyo hapo mbele yako. Njaa imekupanda kichwani, Mama Cheruto. Lakini usijali, shavu linaingia. Umependeza!"

Tulishike hilo neno, umependeza. Tutakutana nalo tena.

Mambo yalikuwa yameanzia kwenye mizani. Si ya hospitali, ni ile ya chuma iliyo pale pale mlangoni, ya kupimia chakula cha kuku. Mtoto wa Chelimo, Cheruto, alipotimiza miezi sita, Waithera alimpandisha Chelimo kwenye mizani hiyo mbele ya wateja watatu, akasoma kwa sauti: "Themanini na nne! Mfuko mzima wa layers, na kilo kumi na nne juu!" Watu wakacheka. Mzee mmoja ambaye hajui hata jina la Chelimo akasema bwana wa huyu mama hawezi kusikia baridi.

Sasa niulize, na anayeweza ajibu. Mzee amekuja kununua dawa ya minyoo ya kondoo. Kilo za mama wa watu zinamhusu nini? Lakini ndivyo tulivyo. Mwanamke akishajifungua, mwili wake unageuka mkutano wa hadhara, kila mpita njia anapewa kipaza sauti.

Nyumbani Kiamunyi, Kipyegon naye alichangia. Kipyegon, mumewe, ni mtu mpole, dereva wa lori la maziwa, hajawahi kumwinulia mkono wala sauti. Alikuwa na swali moja tu, ambalo alilitoa mezani kila mara Chelimo alipojipakulia tena: "Utamaliza hiyo yote?" Aliliuliza akitabasamu. Alidhani ni mzaha.

Kwa hiyo Chelimo akaweka app. Iliitwa Wepesi, na tuseme ukweli, haikuwa app mbaya. Ilikumbusha watu kunywa maji, ilihesabu hatua, iliuliza umelala saa ngapi. Waithera alikuwa ameacha soda kwa sababu yake. Ilikuwa na kitu kimoja cha kuchezea, kilichoitwa mwenzi: kijitu kidogo kisicho na uso, ambacho kila mtu alitakiwa kukipa jina ili kimtie moyo. *Mwenzi wako atakula unapokula na atatembea unapotembea. Mpe jina.* Waithera alikiita chake Kachumbari.

Chelimo alifika hapo Jumapili jioni, jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mkebe wa majani chai. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa kwingine asingejua hata kulifanya.

Kwa watu wa Kipyegon, Cheruto ni jina la kumwitia mtoto tu. Jina la ndani hutoka kwa marehemu wa ukoo. Mtoto alipozaliwa, Kogo, yaani nyanya yake, mamake Kipyegon, alikuja kutoka Keringet, akamgusisha mtoto ugoro kidogo puani, kisha akaanza kutaja marehemu mmoja mmoja mbele ya kina mama. Mtoto akipiga chafya, yule aliyetajwa ndiye amerudi. Cheruto alipiga chafya kwa jina la sita, Taprandich. Kina mama wakashangilia, chai ikanywewa.

Lakini kabla ya hapo Chelimo alikuwa ameona kitu. Kwenye jina la nne, Kogo alichukua pembe ya leso, akamfunika mtoto pua, akalitaja jina kwa haraka kama mtu anayevuka barabara kubwa, kisha akamfunua. Chelimo hakuuliza kwa nini. Mke aliyeolewa juzi haulizi ovyo. Jina lenyewe, hata hivyo, lilibaki kichwani.

Basi jioni hiyo, akicheka peke yake, alikiinamia kile kijitu kisicho na uso akakitajia marehemu wa ukoo wa mumewe, jinsi alivyomsikia Kogo. La kwanza, kimya. La pili. La tatu. Akafika la nne.

"Tabutany?"

Mtu akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, kavu, hapo karibu na jiko la gesi.

"Pole," Kipyegon akasema kutoka sebuleni. "Umeshikwa na homa?"

"Si mimi. Ni mtoto."

"Mtoto gani? Cheruto yuko hapa kifuani pangu, amelala."

Chelimo alisimama akasikiliza. Kisha akajiambia ni jirani, kuta za ploti ni nyembamba. Akaandika *Tabutany*. App ikamwuliza kama amekubali masharti. Akabonyeza Nakubali, kama sisi sote tunavyobonyeza.

Siku ile ya kontena ilikuwa ya tisa, na alikuwa amepungua kilo tano. Wiki ya tatu ilipoisha zilikuwa kumi na mbili. Kanisani, mama mmoja wa kwaya alimshika kiuno kwa mikono miwili akapiga kelele za furaha. Dukani Waithera alimpiga picha kando ya mizani. Kipyegon alimtazama akivaa sketi aliyoivaa kabla ya mimba, akasema, "Weh, nimepata bibi mpya." Hakuna aliyeuliza kwa nini macho yamezama, kwa nini nywele zinatoka na kitana. Mwanamke anaweza kuwa anakufa mbele yenu, na mradi anakufa kwa kupungua, mtampigia makofi.

Kile ambacho Chelimo hakumwambia mtu ni kwamba alikuwa ameacha diet tangu wiki ya pili. Alikuwa anakula. Alikula wali, alikula mandazi, alikula viazi vya mtoto. Alitafuna, alimeza, na tumbo lilibaki tupu kama ndoo iliyotoboka. Kila alipomeza tonge la mwisho simu ilitetemeka: *Tabutany ameshakula.* Chakula kilichobaki kwenye sufuria hakikuonekana tena. Asubuhi saa kumi na mbili, ukungu ukiwa bado umekalia mabati ya Kiamunyi, alisikia kijiko kikikwangua jikoni, taratibu, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuacha kitu. Alipoingia hakukuwa na mtu. Kulikuwa na sufuria inayong'aa, na harufu. Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyeshinda njaa siku nyingi, ile chachu kavu, imechanganyika na majivu baridi.

Aliyekataa kumpongeza alikuwa Jannat, jirani yake, ambaye babu yake alikuja na reli kutoka Mombasa akasahau kurudi. Jannat alilea watoto wa ploti mchana, sebuleni kwake, na Cheruto alikuwa mmoja wao.

"Mama Cheruto, keti," alimwambia jioni moja.

"Nimechelewa, Jannat, nipe tu mtoto."

"Keti, nimesema. Huyu mtoto hashibi. Nampa uji, anamaliza kikombe, dakika tano analia njaa tena. Mapaja yake yamekunjika kama soksi za mzee. Wewe unamnyonyesha?"

"Namnyonyesha."

"Yanatoka?"

Chelimo akanyosha mikono ampokee mtoto.

Jannat alishusha sauti. "Watu wanakwambia umependeza? Wallahi mimi naona maiti inaenda kazini."

Kesho yake Chelimo alimpeleka mtoto kliniki. Muuguzi alimpima, akamtoa, akampima tena, kisha akatia nukta kwenye kijitabu cha mtoto. Ule mstari uliokuwa ukipanda vizuri tangu kuzaliwa ulikuwa umegeuka, unateremka. Gramu mia nane.

"Mtoto wa miezi saba hapunguzi hivi," muuguzi alisema. Huyu hakutabasamu. "Nimpate Jumatatu. Akiwa ameshuka tena, nitamwandikia kulazwa. Na wewe mama, unakula?"

"Nakula, sister."

"Haionekani."

Ukiacha Jannat, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo, na Chelimo alitembea hadi stage ya matatu akilia.

Jumamosi, saa tisa mchana, mvua ikiwa imejikusanya juu ya Menengai na Kipyegon yuko safarini Ndabibi kuchukua maziwa, Chelimo aliamua kwamba leo atashiba, liwe liwalo. Alizima simu akaifungia kabatini chini ya mablanketi. Alisonga ugali mkubwa, akakaanga nyama nusu kilo na vitunguu, akapakua vyote kwenye sahani moja, akaiweka mezani. Cheruto akalia. Chelimo akageuka kumwinua kutoka kwenye mkeka.

Nyuma yake, mtu alianza kutafuna.

Hakugeuka mara moja, kwa sababu mwili ulikataa, na akiwa ameinama hivyo, mikono chini ya makwapa ya mtoto, alisikia tonge likibanwa na vidole, akasikia likiingia mdomoni, akasikia fizi na meno machache yaliyobaki yakiligeuza upande huu na ule bila haraka, na baada ya kila tonge pumzi ndogo ya kushukuru ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele yoyote, na ile harufu ya njaa na majivu ikaja ikamkalia shingoni kana kwamba aliyekuwa akila alikuwa ameegemea mgongo wake, na alipoweza hatimaye kugeuza kichwa hakuona mtu, aliona kiti kimevutwa kidogo, aliona nyama imekwisha, na aliona ule ugali ukipungua kwa upande mmoja, ukipata mashimo manne manne ya vidole, membamba sana, vidole vya mtu mzima visivyo na nyama.

Kabatini, chini ya mablanketi, simu iliyozimwa ilitetemeka.

Alimkumbatia mtoto akakimbilia chumbani, akafunga mlango, akaketi sakafuni na kumpa titi, kwa sababu Cheruto alikuwa akilia kwa ile sauti nyembamba ya paka na hakujua afanye nini kingine, na mtoto akalishika, akavuta, na kwa mara ya kwanza siku nyingi maziwa yakashuka kidogo, Chelimo akafumba macho akasema asante Mungu, asante, na kabla hajamaliza kusema, titi la pili, ambalo lilikuwa bado ndani ya blauzi, likashikwa na mdomo baridi likaanza kuvutwa.

Jannat alisikia yowe akaja miguu mitupu. Alimkuta Chelimo kwenye kona, amejifunga leso kifuani mara tatu, na mtoto juu ya kitanda akinyonya hewa.

"Usiniulize," Chelimo alinong'ona. "Mchukue. Mchukue kwako, Jannat, anakula mbele ya mtoto."

"Nani anakula?"

"Yule wa simu."

Kipyegon alifika jioni, akasikiliza, akakuna kichwa. Akaitoa simu kabatini akaifuta Wepesi mbele yao. Kwa muda wa kunywa chai ikawa haipo. Kisha ikarudi yenyewe, pale pale ilipokuwa, na kile kijitu kisicho na uso sasa kilikuwa na mdomo.

"Hii ni network," Kipyegon alisema, lakini aliiweka simu mezani polepole kama yai.

Jannat alimleta kaka yake, Hanif, ambaye anafundisha madrasa mjini na huitwa kusomea wagonjwa. Alikuja baada ya swala ya magharibi, akaketi, akasoma kwa muda mrefu, sauti tulivu. Harufu ilirudi nyuma mpaka jikoni na ikakaa huko. Haikutoka. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Ndugu yangu, sitakudanganya," alimwambia Kipyegon. "Jini aliyetumwa ukimsomea hujibu, hata kama ni kwa matusi. Huyu hajibu. Anangoja. Huyu hakutumwa, aliitwa kwa jina lake, na aliyemwita ni mtu wa nyumba hii. Mtafuteni anayejua hilo jina ni la nani."

Wote wakamtazama Chelimo.

"Kogo," alisema. "Mpigieni Kogo."

Kogo alishuka kutoka Keringet Jumapili asubuhi, na gunia la viazi, unga wa mahindi debe moja, kabichi mbili na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Alimtazama mkwe wake kuanzia kichwani hadi miguuni. Hakusema amependeza. Alimshika mkono wa juu, vidole vikakutana.

"Nani amekufanyia hii?"

Chelimo alimweleza, macho chini: simu, kijitu, majina. Alipolitaja la nne, Kogo aliinua leso haraka akamfunika Cheruto pua.

"Ulijua," Chelimo alisema. Hofu ilikuwa imemchosha mpaka adabu ikaisha. "Siku ile ulimfunika mtoto pua. Ulijua ni mbaya. Kwa nini basi ulimtaja, mama?"

"Ukiruka mtu kwa hiyo mstari, atakuja kuuliza kwa nini ameachwa. Tunataja, tunafunika. Mama yangu mkwe alifunika, na mama yake." Kogo aliketi kitandani, akasema kwa sauti ya chini sana, kama jikoni kuna mgonjwa. "Ilikuwa mwaka ya njaa. Mvua ilikataa misimu mbili. Unga ilikuwa inapimwa na kibuyu kidogo, na mwenye kupima alikuwa mama mkwe wake Tabutany. Wanaume kwanza, halafu watoto, halafu wanawake. Tabutany alikuwa bibi mdogo, mnene, na alikuwa ananyonyesha. Mama mkwe akasema, huyu ana mwili, huyu atavumilia. Akampimia nusu. Kila siku nusu. Watu walicheka, ati hata na njaa bado ana mwili. Siku moja asubuhi walimkuta ameketi karibu na jiko, anakwangua chungu na kijiko. Hakukuwa na kitu ndani. Walimwita, hakugeuka. Mtoto alikuwa kifuani. Mtoto alimaliza siku mbili, akamfuata."

Jikoni, kijiko kilikwangua mara moja, kikanyamaza.

"Huyo mama mkwe aliitwa nani?" Chelimo aliuliza.

Kogo alimtazama mjukuu wake.

"Taprandich," alisema.

Chelimo alimvuta mtoto karibu. Hilo ndilo jina ambalo Cheruto alilipigia chafya. Kwa hiyo yule aliyeshika kibuyu alikuwa amerudi, akanenepa mashavu, akapelekwa kliniki kila mwezi na kuandikiwa mstari unaopanda. Na yule aliyepimiwa nusu alikuwa ameitwa kwa mlango wa pili, na mke wa watu anayecheka peke yake, katika chombo ambacho kazi yake ni kupima.

"Atammaliza," alisema.

"Atammaliza kama tutaendelea kufunika pua," Kogo alijibu. Alisimama, akakunja mikono ya sweta. "Washa jiko. Kubwa."

Chelimo alipochota unga, mkono wake ulienda wenyewe kwenye kikombe cha kupimia. Kogo alikipiga kikaanguka chini. "Mwaga kutoka debe."

"Kiasi gani?"

"Usiniulize kiasi."

Walipika ugali kama wa harusi. Walikaanga kabichi, walichemsha viazi. Kipyegon, akinusa, alivuta kiti chake cha kawaida.

"Wewe simama," Kogo alimwambia.

"Mama, mimi ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo maana. Simama ukutani. Leo utaona vile chakula inapita."

Alikivuta kile kiti nyuma, kama mtu anavyomkaribisha mgeni, akaweka simu mbele yake. Kisha akamketisha Cheruto mapajani mwa mamake, akamtia mwiko kwenye ngumi yake ndogo, akaushika pamoja naye.

"Tabutany," aliita. Hakunong'ona. "Karibu, mama. Aliyekupimia ndiye huyu. Leo anakupakulia. Kula, hatupimi."

Harufu iliingia. Kiti kililia. Cheruto, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kushika kichwa vizuri, alisukumwa mkono wake na nyanya yake hadi kwenye ugali, akapakua, na chakula kilipofika kwenye sahani kilianza kuliwa. Walisikia. Mara ya kwanza ulikuwa ulaji wa mnyama aliyevamia shamba, haraka, bila kutafuna. Sahani ya pili ikaenda hivyo, ya tatu hivyo, Chelimo akipakua kwa mkono wa mtoto na Kogo akiongeza naye Kipyegon akitumwa kumenya viazi vingine, kuwasha moto mwingine, kumimina mursik kwenye kikombe ambacho kilikauka kabla hajakiweka chini, na jua likapita dirisha la jikoni likafika la sebuleni, na debe likaonyesha chini yake, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema kwamba unga unakwisha, kwa sababu wote walielewa kwamba hilo ndilo neno aliloambiwa kila siku mpaka akafa.

Sahani ya tisa iliwekwa. Kutafuna kukawa polepole. Kukasimama. Kukaanza tena kidogo. Kisha wakasikia pumzi ndefu, ya mtu anayeegemea kiti.

Kwenye sahani kulibaki kipande cha ugali na kabichi kidogo.

Kogo alikitazama kile kipande mpaka macho yake yakajaa.

"Amebakisha," alisema.

"Ni vibaya?" Kipyegon alinong'ona.

"Amebakisha, wewe. Ameshiba."

Simu ilitetemeka. *Tabutany ameshiba.* Kioo kikawa cheusi, na ilipowashwa tena Wepesi haikuwepo, wala kijitu. Chelimo alihisi kifua kikijaa ghafla, blauzi ikalowa pande zote mbili. Cheruto aligeuza kichwa akitafuta, akashika, akanyonya mpaka akalala na mdomo wazi.

Kogo alikula kile kilichobaki kwenye sahani, chote, kwa heshima. Akamwambia mwanawe mlangoni, akifunga leso, "Hakufukuzwa, Kipyegon. Alipakuliwa. Ni tofauti. Chunga mdomo yako."

Jumatatu nukta ya muuguzi ilikaa sawa. Wiki iliyofuata ilipanda, na iliyofuata ikapanda tena. Chelimo naye akarudi. Mashavu yalijaa, nywele zikatulia, na Waithera akamwita kutoka mlangoni mwa duka, "Wewe, mbona umejiachilia hivyo? Ulikuwa umependeza! Hebu panda hapa tuone."

"Pima kuku," Chelimo alimjibu, akaendelea na wateja. Maji aliendelea kunywa, na jioni alitembea na mtoto mgongoni hadi shule na kurudi, kwa sababu alipenda.

Miezi miwili ilipita. Ijumaa moja walikuwa mezani, watatu, taa inawaka, mvua imenyesha na kuacha baridi. Chelimo alikuwa amepika pilau. Alikula sahani moja, akajipakulia nyingine. Kipyegon alikuwa na Cheruto mapajani, akimchekesha kwa kijiko, amefurahi, amechoka, hana neno baya na mtu. Akaitazama sahani ya mkewe. Akatabasamu.

"Utamaliza hiyo yote?"

Jikoni, karibu na jiko la gesi, mtu akapiga chafya.

Ilikuwa ndogo, kavu.

Kipyegon alikuwa ameshamfunika mtoto pua kwa kiganja. Hakukumbuka kuuinua mkono. Mezani, kando ya bilauri, simu yake mwenyewe, ambayo haijawahi kuwekwa app yoyote ya kula wala ya kutembea, ilitetemeka mara moja. Hakuna aliyeitazama. Alinyosha mkono wake mwingine, akashika upawa, akachota pilau kutoka kwenye sufuria, akaongeza juu ya sahani iliyojaa, akaongeza tena, mchele ukimwagika mezani.

"Kula," alisema. "Kula, mama. Hatupimi."

Hajawahi kumwita Chelimo mama. Na macho yake yalikuwa kwenye kiti kitupu cha nne, ambacho kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo.